Spoila Haishikwi na Bolti

Ukiwasikia vijana wa Umoja na Buruburu, Nairobi, wakisifia nganya, yaani matatu zilizorembwa, watakutajia rangi, muziki na taa. Tangu Rais Uhuru Kenyatta alipotetea michoro ya matatu mwaka 2014, wachoraji wamezidi kupata heshima. Fundi wa faiba hatajwi, ilhali ndiye anayeifanya ile spoila ya paani ivuke matuta kila siku bila kumwangukia mtu.

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini. Ni nyepesi, haishiki kutu, na hukubali umbo lolote. Wamarekani waliliundia gari la Corvette bodi nzima kwayo mwaka 1953. Tatizo lake ni kwamba haipendi mzigo uliokusanyika mahali pamoja. Toboa tundu, kaza bolti, funga kitu kizito, uachie upepo na mtikiso. Kwanza zitatokea nyufa kama utando wa buibui kulizunguka tundu, kisha bolti itang'oka na kipande.

Ndiyo maana fundi hodari wa Kariobangi Light Industries haanzi na drili. Anaanza na msasa, tena upande wa ndani, hadi mng'ao uishe, kwa sababu rezini mpya haishiki vizuri juu ya faiba kavu inayoteleza. Hapo hulaza plaiwudi iliyosuguliwa kingo na kuifunika kwa matabaka ya faiba, kila tabaka likilipita la chini yake kidogo, ili mzigo usambae. Hadna, dawa ya kuigandisha rezini, huipima: asilimia 1 hadi 2 hivi ya rezini. Ikizidi, rezini huchemka na kupasuka. Ikipungua, hubaki ikinata. Hewa huikamua kwa rola, maana povu lililonaswa ni tundu ambalo hakuna aliyelitoboa. Drili huja mwisho, na tundu lenyewe hupakwa rezini ili mvua isiozeshe mbao. Washa pana, nati, basi. (Na haya yote mara nyingi bila barakoa, katika harufu ile!)

Wala si matatu pekee: boti ya faiba inayofungwa mnara wa kutazamia samaki hutaka kazi hiyo hiyo, ila huko wimbi huuyumbisha mnara na mtu akiwa juu yake.

Kwangu mimi, fundi huyu anastahili malipo sawa na mchoraji. Nawe mwenye gari, kabla dari halijafunikwa kitambaa, ingia utazame kwa ndani. Ukikuta washa ndogo juu ya faiba tupu, usilipe.