Kibodi mbadala isipimwe kwa mizani ya Kiingereza

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa uzamifu alinijia ofisini na swali: "Prof, nihamie Dvorak ili nimalize tasnifu haraka?" Amesoma kwamba mpangilio huo wa herufi hauchoshi vidole kama QWERTY tuliyoizoea.

QWERTY ilitokana na taipureta ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, iliyouzwa na kampuni ya Remington miaka ya 1870. August Dvorak na William Dealey walipata hataza ya mpangilio wao mwaka wa 1936. Waliweka irabu zote tano mstari wa kati, mkono wa kushoto. D, H, T, N na S zikaenda kulia. Nia yao ilikuwa mikono ipokezane.

Ukitazama juujuu, hoja hii inatufaa sana, kwani silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu. Chapa "wanasoma" au "habari" kwa Dvorak: mikono inapokezana herufi baada ya herufi. Hapo nawapa heko.

Lakini hebu chapa "kikapu". K na P ziko kushoto pamoja na irabu, hivyo neno zima linaangukia mkono mmoja! Ndivyo ilivyo kwa "kupika", "kijiko" na "kipepeo". Isitoshe, K iliyokuwa mstari wa kati imeshushwa chini. Kwa Mwingereza hilo si neno. Kwetu K ndiyo inayobeba "ku-", "ki-" na "kwa". Nayo A, inayotawala maandishi yetu, haikusogezwa hata kidogo: kote kuwili inaachiwa kidole kidogo cha kushoto.

Kosa la watetezi wa Dvorak ni kupima lugha moja na kutangaza matokeo kwa zote. Watetezi wa QWERTY nao wana mazoea tu, ingawa mazoea si haba: kompyuta za maktaba, saiba na ofisini zote zimepangwa hivyo.

Kwa hivyo nilimshauri abaki alipo. Kujifunza upya kutamla wiki nyingi, na faida yenyewe haijathibitishwa kwa lugha anayoiandikia. Wanaisimu na wanakompyuta wetu waketi pamoja, wahesabu herufi na silabi za Kiswahili, ndipo tujadili mpangilio mbadala.

"Nani atahesabu, Prof?" akaniuliza.

Nikamjibu: "Wewe. Lakini tasnifu kwanza."