Sinza na Manzese: Barabara Kabla ya Nyumba

Sinza na Manzese ni kata mbili za Manispaa ya Ubungo, Dar es Salaam, na mtu anatoka moja kwenda nyingine kwa miguu. Kwa dereva wa gari la kunyonya vyoo, hata hivyo, hiyo ni miji miwili. Sinza anafika getini. Manzese, kwa nyumba nyingi, anaegesha mbali na kuunganisha mipira kupitia uchochoro, kama mipira inafika. Tofauti hiyo ilianzia katika mradi mmoja wa serikali, na inafaa kuangalia jinsi mradi huo ulivyotekelezwa.

Mwaka 1974 Tanzania ilianza mradi wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, wapimaji waliingia kabla ya mafundi. Walichora barabara, wakasimika bikoni, wakatenga maeneo ya shule, zahanati na soko, ndipo viwanja vikagawiwa. Serikali haikujenga nyumba. Kila mtu alijijengea kadiri mfuko wake ulivyoruhusu, baadhi wakisaidiwa na mikopo ya Benki ya Nyumba. Manzese watu walikuwa wamekwishajenga, kwa hiyo mradi huohuo ulikwenda kuboresha: kupitisha barabara chache, kuweka mabomba ya maji ya kuchotea kwa pamoja, na kuwaondoa wale ambao nyumba zao zilikuwa njiani.

Siri yote iko katika mpangilio huo wa kazi. Barabara kwenye ardhi tupu ni mstari wa ramani na vigingi vichache. Watu wakishajenga, kila mita ya barabara hiyohiyo ni jiko la mtu, choo cha mtu, chumba cha mpangaji kinacholipa ada ya watoto. Kila mita inadai fidia, kikao na pengine kesi. Ndiyo maana uboreshaji hupitisha njia kubwa moja mbili na kuviacha vichochoro kama vilivyokuwa.

Kisha ikaja miaka ya 1980 na ukata wake. Barabara za vumbi zililiwa na mvua, huduma zikachakaa kotekote. Kilichosalimika Sinza ni mistari. Fedha zilipopatikana baadaye, lami ilikuta nafasi yake ikiisubiri, na bomba likapita kando ya njia bila kuvunja ukuta wa mtu. Mwaka 2021 mchumi Guy Michaels na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia maeneo ya mradi huu katika miji saba nchini, ikiwemo Mbeya, Mwanza na Tanga. Zaidi ya miaka 30 baadaye, sehemu zilizopimwa kwanza zilikuwa na nyumba kubwa zaidi, zilizopangika, zenye vyoo bora kuliko maeneo ya jirani ambayo nayo yalikuwa matupu mwanzoni.

Tazama pia kile ambacho hakikuwa kwenye ramani. Viwanja vya Sinza vilikuwa vidogo na kila kimoja kiliangalia barabara, kwa hiyo chumba cha mbele kiligeuka fremu: duka la dawa, saluni, fundi cherehani, mgahawa. Bajaji inamchukua mjamzito mlangoni usiku wa manane. Msiba ukitokea, turubai lina pa kusimama. Manzese wanazikana na kusaidiana vivyo hivyo, tena kwa moyo, lakini jeneza hupita kwa kuinamishwa, na moto ukiwaka majirani hutegemea ndoo.

Mradi ulikuwa na dosari nzito. Viwanja vilikusudiwa wenye kipato kidogo, na wengi wao wakaviuza kwa wenye uwezo. Kwa maoni yangu chanzo ni uhaba: viwanja vilivyopimwa vikiwa vichache, mwenye fedha ndiye anayeshinda. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulirudia kupima kwanza, ila Kibada, Bunju na Buyuni zilikuwa mbali na kazi, na viwanja vingi vilikuwa vikubwa mno kwa mfuko wa mama lishe.

Leo tunarasimisha makazi yaliyojengwa bila kupimwa. Kamati za mitaa zinazunguka kuwaomba wakazi wamege ardhi yao ili njia ipatikane, na mmoja akigoma mtaa mzima unakwama. Kazi hiyo ni ya lazima kwa waliokwishajenga, lakini pembezoni mwa jiji mashamba bado yanakatwa vipande kila wiki bila njia inayoeleweka. Halmashauri zisingoje fedha za lami wala za mabomba. Zitume wapimaji sasa, zisimike bikoni za barabara, na zilinde bikoni hizo zisijengewe. Nawe unayenunua kiwanja, usitoe hela kabla hujaonyeshwa barabara iko wapi, na majirani wote wanne wawe wameikubali kwa maandishi mbele ya serikali ya mtaa.