Dakika Tatu Kando ya Kitanda cha Leba

Muuguzi anayeripoti wodi ya wazazi kwa mara ya kwanza ameshafaulu mtihani wa leseni. Muulize namna ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kulia, atakutajia hatua zote bila kukwama: mkaushe, msugue mgongo, safisha njia ya hewa kama imeziba, kata kitovu, mpe hewa kwa ambu, ule mfuko wa kuminya wenye barakoa, kabla dakika ya kwanza haijaisha. Wakunga wanaiita dakika ya dhahabu. Halafu inafika saa tisa ya usiku, mtoto anatoka amelegea, mama anauliza mbona kimya, na yule yule aliyejibu vizuri anapekua droo akitafuta barakoa ndogo. Katika zamu zangu za kwanza nilikuwa mimi. Mkunga mkongwe aliichukua ambu mikononi mwangu bila kusema neno, akakiweka sawa kichwa cha mtoto, akaminya mara chache, mtoto akalia. Hatua zote nilikuwa nazijua.

Pengo hilo kati ya kujua na kutenda limepimwa hapa hapa Tanzania, na namna lilivyopimwa inastahili kuangaliwa kwa makini. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Kuanzia mwishoni mwa 2009, wasaidizi wa utafiti walikaa katika leba yake mchana na usiku, saa mkononi, wakiandika kilichofanyiwa kila mtoto na sekunde kilipofanyika. Rejista ya wodi haina habari hizo. Itakuambia mtoto alizaliwa hai au la, uzito wake na alama alizopewa. Haitakuambia alikaa muda gani mezani kabla mtu hajashika ambu. Kumbe muda huo ndio wenye uzito. Kumbukumbu za Haydom zilionyesha kuwa kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kutoa hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa kwa muda mrefu.

Aprili 2010 watumishi wa hospitali hiyo walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua, kwa mtaala ulioandaliwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani. Chombo chake kikuu ni mdoli anayejazwa maji ili awe mzito na mlegevu kama mtoto halisi. Mkufunzi akiminya vibonyezo vyake, kitovu kinapiga au mdoli analia. Na kifua hakipandi mpaka kichwa kikae sawa na barakoa ibane vizuri. Miezi saba baadaye watumishi walipimwa tena kwa mdoli huyo. Kabla ya mafunzo waliofaulu kumhuisha walikuwa asilimia 18. Sasa walifika 74.

Hospitali nyingi zingeishia hapo, zikagawa vyeti na kuandika ripoti. Haydom walikuwa na madaftari ya leba, na madaftari yalisema jambo jingine. Kwa watoto wenyewe hakuna kilichoboreka. Waliosafishwa njia ya hewa na waliopewa ambu walibaki kiasi kile kile cha awali, na waliosuguliwa walipungua. Namheshimu sana mtafiti anayechapisha matokeo ya namna hiyo kuhusu mafunzo yake mwenyewe.

Kwa nini mkono uliofaulu darasani ugome leba? Mimi naona hivi. Darasani unajua mdoli hatapumua. Ndiyo maana umeitwa. Ambu iko mbele yako na mkufunzi amesimama kukusubiri. Leba hakuna anayekuambia kwamba huyu ndiye. Kondo la nyuma bado halijatoka, jicho moja liko kwenye damu ya mama, kitanda cha pili kuna mwingine anasukuma. Kazi ngumu ni kuamua, ndani ya sekunde chache, kwamba mtoto huyu hapumui na kwamba hutasubiri zaidi. Uamuzi huo haukai kichwani kwa sababu ulihudhuria semina miezi saba iliyopita.

Februari 2011 wakabadili njia. Mdoli akahamishiwa penye kazi. Kila wiki mtumishi alifanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano, na mara moja kwa mwezi wakarudia kwa kirefu, kama dakika 40. Hakukuwa na safari ya kwenda mjini. Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Ndani ya takwimu hizo kuna moja ambayo ningependa kila mkuu wa wodi aitazame mara mbili. Waliosuguliwa waliongezeka, kutoka asilimia 14.5 hadi 16.3, na waliohitaji ambu wakapungua, kutoka 7.3 hadi 5.9. Ukisoma haraka utadhani mazoezi ya ambu yamewafanya watu waiache. Lakini mtoto aliyekosa hewa kwa muda mfupi huitika akikaushwa na kusuguliwa mgongo. Akishapita hatua hiyo, mapigo ya moyo yanashuka, na unaweza kumsugua mpaka asubuhi. Kinachomrudisha ni hewa ya kusukumwa, pumzi kama 40 kwa dakika. Naisoma tofauti hiyo hivi: mikono iliwahi, na watoto wengi wakashikwa kabla hawajavuka mstari.

Huu ulikuwa ulinganisho wa kabla na baada katika hospitali moja, na mwaka haupiti bila mengine kubadilika pia. Ndiyo maana nilisubiri kwa hamu mpango mpana zaidi, uliohusisha hospitali na vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wenyeji wa kituo ndio waliowafundisha wenzao, na vifaa vya kupimia mapigo ya moyo ya mtoto tumboni viliongezwa. Matokeo yalichapishwa 2025: vifo vya watoto waliozaliwa wafu au waliofariki muda mfupi baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Mikoa haikufanana, na hilo halinishangazi. Mdoli ni yule yule. Anayetofautiana ni mtu anayehakikisha anatumiwa.

Katika wodi nyingi nilizopita, mdoli amefungiwa kabatini, amewekwa namba ya mali, na ufunguo anao mtu aliye likizo. Wanaogopa atapotea. Muuguzi mpya anamaliza miezi mitatu hajamgusa, na mara ya kwanza anashika ambu ni siku mtoto wa mtu hapumui. Huu si uzembe wake.

Ningependa siku yake ya kwanza iende hivi. Ripoti ya zamu ikishapokelewa, kabla watu hawajatawanyika, dada mkubwa anamwita mezani. Anamweka mdoli kwenye kitenge, anaminya kitovu kipige polepole, anamwambia, "Haya mdogo wangu, mtoto ndiye huyo." Hamfokei akikosea, anamsogezea kidole kwenye kidevu, anamwonyesha barakoa inapovuja. Kisha wanaigeukia ambu ya leba yenyewe. Wanaziba mdomo wa barakoa kwa kiganja na kuminya, wasikilize kama vali inafunguka. Wanatafuta barakoa namba 0, ya njiti. Kama haipo, wamejua saa mbili asubuhi, na stoo iko wazi.