Fundi wa Kijiti

Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwaka 1973, miaka 21 kabla ya Tanzania Bara kupata vituo vyake vya kwanza. Ndiyo maana nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina kumbukumbu ndefu ya fundi wa antena. Mmoja yuko juu ya paa kashika mlingoti, mwengine dirishani, wa tatu mbele ya kioo, na maneno yanapandishwa kwa zamu: "Bado! Bado! Zungusha kidogo… hapo hapo, usiguse!" Mimi nilikuwa wa dirishani.

Juzi nyumba yetu ile ile iliingiwa na fundi mwengine, kijana wa mtaa wa pili, kuja kumfungia bibi yangu kijiti cha kuonea vipindi vya intaneti. Hakuja na ngazi. Alikuja na mfuko wenye nyaya tatu na adapta. Nikadhani kazi itakuwa ya dakika tano, kwa kuwa kijiti huchomekwa kwenye tundu moja tu. Alikaa saa mbili, na saa mbili hizo ndizo ninazotaka kuzisifu.

Kwanza, boksi la kijiti hakulifungua. Aliamkia, akakaa, akauliza: "Bibi, unapenda kutazama nini? Nani mwengine hushika rimoti?" Kisha akatembea na simu yake chumba kwa chumba akipima waifai. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene wa kama dhiraa, nazo huyanywa mawimbi. Ruta hutoa masafa mawili: la gigahazi 5 lina kasi lakini hulemewa na ukuta, la 2.4 ni polepole zaidi, ila linapenya. Nilitarajia achague moja kati ya hayo. Yeye akaihamisha ruta kutoka chumba cha juu, akaiweka penye kichwa cha ngazi, mkabala na mlango wa sebule. "Tuyapitishe mlangoni, kama watu," akasema.

Nyuma ya TV nako alikuwa na lake. Kijiti kikichomekwa moja kwa moja hubanwa baina ya bati la TV na ukuta, kikapata joto na kukosa mawimbi. Akakiunga kwa waya mfupi wa HDMI ili kining'inie pembeni, kipate hewa. Umeme hakuuchukua kwenye tundu la USB la TV, kwani mengi ya matundu hayo hutoa nusu ampia tu, na kijiti kinahitaji zaidi. Kikipungukiwa hujizima na kujiwasha katikati ya filamu, na watu huilaumu intaneti bure. Akakipeleka kwenye soketi ya ukutani.

Ndipo akaja kwenye picha. TV nyingi hukata kingo za picha, tabia iliyobaki tangu zama za TV za chogo. Akairudisha picha kwenye kipimo chake. Halafu akazima kitu ambacho mimi nilikuwa nimekitazama miaka yote nisikijue. Filamu za sinema kwa kawaida hupigwa picha 24 kwa sekunde, na TV ya kisasa hujitungia picha nyingine za kujazia katikati, mpaka watu wakaonekana wanateleza. Alipozima, uso wa mwigizaji ukapata uzito wake. Nilisogeza kiti karibu.

Sijaona bado fundi wa kufikiria bando kama huyu. Netflix yenyewe hukadiria kuwa picha ya HD inaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa, na ya kawaida hadi 1. Bando la gigabaiti 10 basi linaweza kwisha kwa saa tatu na kidogo, au likafika saa kumi. Akamuuliza bibi hununua bando gani, akashusha ubora wa picha kulingana na jibu. Bibi hakuona tofauti. Mfuko wake utaiona mwisho wa mwezi.

Kijiti cha Chromecast cha kwanza, cha mwaka 2013, hakikuwa na rimoti. Simu ndiyo iliyokuwa rimoti. Kwa bibi mwenye simu ya vibonyezo, chombo kile kingekuwa pambo. Hiki kina rimoti yake, na kijana akaifunza iwashe TV pia, ile ya zamani ikaenda mtotoni mwa kabati. Akaondoa programu nyingi kwenye ukurasa wa mwanzo, zikabaki nne.

Kisha akafanya lile lililonigusa zaidi: akaweka mikono mapajani. "Sasa zima, bibi. Washa. Nitafutie taarabu." Bibi akapotea kwenye mipangilio. Mimi nikanyoosha mkono. Fundi akanizuia kwa jicho. "Kibonyezo chenye kijinyumba, bibi. Kila ukipotea, rudi nyumbani." Akapotea tena, akarudi mwenyewe. Mara ya tatu fundi akasimama, akaniashiria tutoke.

Tukakaa barazani na kahawa. Ndani kimya. Nilitaka kuingia, akanishika mkono. Kikapita kitambo, kisha ikalia fidla, kisha ngoma, halafu sauti ya bibi mwenyewe ikiifuata ile ya mwimbaji.

"Sasa ndo nimemaliza," fundi akasema, akaanza kukunja nyaya zake.