Simba wa Joy, mbwa wa nani?

Wiki ya kwanza Boerboel wetu alikula sapatu mbili (zote za kushoto), kamba ya kuanikia nguo na kona ya sofa. Ana miezi mitatu, na miguu yake ni kama aliazimwa na mbwa mwingine. Tulimleta Embu kutoka Nairobi, na usiku wa kwanza alilia mpaka jirani akapiga simu kuuliza kama tumefiwa.

Ni wiki hiyo hiyo niliporudia Born Free, kitabu cha Joy Adamson cha 1960. Nilikuwa nimekiweka kwenye lile kabati la vitabu vya watalii. Safari hii nilikisoma kama hadithi ya mtoto wa mnyama mkubwa anayezoea nyumba, na aki, kwa upande huo ni kitamu. Februari 1956 George Adamson, askari wa wanyamapori, anaua simba jike, kisha anarudi nyumbani na watoto watatu. Wawili wakubwa wanapelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam. Kale kadogo, Elsa, kanabaki.

Joy anajua kuangalia. Hakuambii tu kwamba Elsa ni mtundu halafu akaendelea na mambo mengine. Anakuonyesha tyubu kuukuu za magari zikivutwa huku na huku, na mnyama anayejificha ili akupige mtama miguuni. Ukishaangushwa na mtoto wa mbwa asiyejua uzito wake mwenyewe, utajua mwandishi huyu hakubuni. Hata majina yana mzaha wake: mmoja wa watoto wa Elsa, dume mwenye woga, aliitwa Gopa, kutokana na Kiswahili chetu cha kuogopa.

Lakini kuna Nuru. Nuru alikuwa mfanyakazi wa bustani, na ndiye aliyepewa kazi ya kuwachunga watoto hao wa simba. Joy anamtaja, tena kwa upendo, hilo sikatai. Shida yangu ni kwamba tunamwona Nuru akikimbia nyuma ya simba kutwa nzima na hatumsikii akiwaza chochote. Alikuwa anaogopa? Alimwambia nini mtu wake jioni? Mapenzi yote kitabuni yanapita kwa Joy, yaani kana kwamba saa alizokaa Nuru na wale watoto zilikuwa mshahara tu. Filamu ya 1966 haikurekebisha hilo. Macho yetu yanabaki kwa Virginia McKenna na Bill Travers.

Ningemaliza hapo nikijisikia mjanja, kama si kijana anayetusaidia shambani. Yeye ndiye huamka saa kumi na moja kumpikia mbwa ugali na omena. Alimshonea kitanda cha gunia. Mbwa hulala mlangoni kwake, si kwangu, na mimi huweka picha Instagram nikiandika "mtoto wangu". Juzi aliniuliza, bila ubaya wowote, "Ukirudi Nairobi, huyu ni wako ama ni wangu?" Nikacheka. Sikumjibu.

Nikarudi kwa kitabu, na hapo ndipo kilinikaa vibaya. Joy angalau aliandika jina la Nuru. Kwenye picha zangu zote mia na kitu, kuna mkono wa huyu kijana mara mbili, nao umekatwa kwenye kifundo.

Elsa alikufa Januari 1961, hata miaka mitano hajafikisha. Simba aliyepigana na simba wenzake aliuawa na ugonjwa unaoletwa na kupe, wa jamii ile ile inayomaliza mbwa wetu huku. Kaburi lake liko kando ya Mto Ura, ndani ya Mbuga ya Meru.

Jana jioni nilimkuta yule kijana ameketi kwenye ngazi, sikio la mbwa mkononi, anatafuta kupe. Nilitoa simu nipige picha. Mbwa hakugeuka.