Dawa na Mlango Wake

Mtoto mchanga amepakatwa na mamaye kliniki. Muuguzi anaivuta ngozi ya mkono kwa kidole gumba, anailaza sindano karibu sambamba nayo, mdomo wake wa mshazari ukitazama juu, kisha anasukuma mililita 0.05 za chanjo ya BCG. Palepale kinainuka kivimbe cheupe chenye vitundu kama ganda la chungwa. Kisipoinuka, sindano imezama mno, na huko chini ya ngozi chanjo hiyo huweza kuleta jipu. Kazi nzima ni ya sekunde chache, na wachache huisifia.

Wagonjwa wengi wana ngazi yao: dripu ni dawa kuliko sindano, sindano kuliko kidonge. Ngazi hiyo haina maana kwa mtaalamu. Kidonge kinachomezwa hupita kwenye ini, na baadhi ya dawa hupoteza nguvu humo. Ndiyo maana naitrogliserini ya maumivu ya moyo huwekwa chini ya ulimi. Insulini ikimezwa humeng'enywa tumboni, basi huchomwa.

Ufundi huu wa kuchagua njia ya dawa huonekana zaidi kwenye malaria kali. Utafiti uliochapishwa 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulikuta vifo asilimia 8.5 kwa waliochomwa atesuneti na 10.9 kwa waliopewa kwinini. Lakini kichupa cha atesuneti cha miligramu 60 huja kikiwa na unga. Huyeyushwa kwa sodiamu baikaboneti, hutikiswa mpaka uwe maji maangavu, ndipo njia inapoamua kinachofuata: mililita 5 za maji ya chumvi kwa mshipa, 2 tu kwa msuli, maana msuli haubebi maji mengi. Yote ndani ya saa moja. Na msuli wenyewe ni wa paja. Takoni umepita mshipa mkubwa wa fahamu, na wapo watoto waliochomwa kwinini hapo wakabaki wakiburuta mguu.

Zahanati isiyo na wa kuchoma sindano hiyo ina kidonge laini cha miligramu 100 cha dawa ileile, cha kupitisha njia ya haja kubwa, kwa mtoto wa chini ya miaka 6 anayetapika au aliyepoteza fahamu. Hakina fahari yoyote: makalio hubanwa dakika 10 kisitoke, na kikitoka ndani ya nusu saa hurudiwa kingine. Kisha hutafutwa pikipiki, kwa kuwa dozi hiyo ni ya kumfikisha hospitali tu.