Jina la Sumbawanga Sokoni

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wa siku hizi nao wana msemo wao: biashara matangazo. Kauli hizi mbili zinapingana, na upinzani wake unaonekana waziwazi katika jina la mji mmoja, Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa. Makala haya yanakusudia kulichambua tangazo la biashara kama uchambuliwavyo utungo wowote, yaani kwa kutazama fani na maudhui yake, ili tuone jinsi linavyoweza kuijenga au kuibomoa heshima ya watu.

Tangazo tunalolizungumzia linafahamika kwa wengi waliopita katika mitaa ya Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania. Ni kibao cha bati au kipande cha karatasi kilichopigiliwa kwenye nguzo ya umeme au mti, nacho kimeandikwa kwa herufi kubwa: mganga kutoka Sumbawanga. Chini yake hufuata orodha: mvuto wa biashara, kurudisha mpenzi, kupanda cheo, kushinda kesi, kisha namba ya simu. Siku hizi maneno hayo hayo yamehamia katika mitandao ya kijamii, ambako huongezewa picha na sauti.

Kwa upande wa fani, hatuna budi kukiri kwamba mtunzi wake ni fundi. Maneno ni machache, na abiria huyamaliza kuyasoma kabla basi halijaondoka kituoni. Orodha inagusa mahangaiko ya watu wote, yaani riziki, mapenzi, cheo na haki, hata ni vigumu mtu aisome asijione humo. Aidha, mara nyingi jina la mganga halitajwi kabisa. Dhamana yote imewekwa juu ya jina la mahali, na yaliyobaki msomaji huyajaza mwenyewe kwa hofu aliyoipata katika masimulizi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni majigambo tu, sanaa iliyostawi tangu zamani katika jamii zetu, kama vile kwa Wahaya. Lakini majigambo yana mwenyewe. Anayejigamba husimama mbele ya watu wanaomjua, akataja matendo yake. Akizidisha uongo, wapo wa kumzomea. Kibao hakizomewi, kwa kuwa msemaji wake hayupo. Hapa ndipo tangazo la namna hii linapoachana na sanaa yetu. Tena linajipinga lenyewe. Mganga mwenye dawa ya kuvuta wateja ana haja gani ya kuzunguka mitaani na nyundo na misumari? Kinachomletea wateja ni kibao, wala si dawa. Naye mwenye duka anayemwendea huuziwa kwa bei ghali kitu ambacho angejifanyia mwenyewe kwa kopo moja la rangi.

Tukiingia katika maudhui, tunakuta jambo zito zaidi. Wenyeji wa Ufipa husimulia kwamba jina Sumbawanga limetokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya kutupa uchawi: aingiaye mjini aliagizwa auache uwanga wake nje. Basi jina lililokuwa amri ya kuukataa uchawi limegeuzwa kuwa alama ya kuuzia uchawi. Kijana wa Kifipa akienda kusoma mkoa mwingine hutaniwa, na pengine huogopwa, kabla hajafungua kinywa. Wala jambo hili haliishii katika utani. Ramli chonganishi na imani za kishirikina zimechangia mauaji ya vikongwe na ya watu wenye ualbino katika sehemu mbalimbali za nchi. Ndiyo maana mwaka 2009 Serikali ilitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi, na mwaka 2015 ikatangaza tena marufuku dhidi ya wapiga ramli. Tiba asili yenyewe haikukataliwa, kwani ina sheria yake ya mwaka 2002, na mganga mwaminifu wa mitishamba ana mahali pa kujiandikisha kwa jina lake.

Je, Ufipa haina kingine cha kujivunia? Hapo kale wahunzi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, ambayo mabaki yake yangali yakionekana uwandani. Jembe lao halikuhitaji kibao, lilijitangaza shambani. Hata hivyo, majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yalipofurika, uhunzi huo ulififia. Kumbe kizuri nacho hakijiuzi siku zote, na methali peke yake haitoshi. Leo Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi kwa mahindi, lakini gunia lake likifika Dar es Salaam huwa ni mahindi tu, wakati mchele wa Kyela na asali ya Tabora hunadiwa kwa jina la kwao. Mkulima amenyamaza, mpiga ramli amepaza sauti, na jina la nchi limechukuliwa na aliyepaza sauti.

Kwa hiyo hatumshauri mtu anyamaze. Kijana wa Sumbawanga auzaye maharage, mchele wa bonde la Ziwa Rukwa au migebuka mikavu ya Kasanga asione haya kujitangaza kwa simu yake. Na atumie rangi kali na maneno ya kuchekesha. Lakini ajitaje jina, aonyeshe bidhaa yenyewe, mizani na bei, tena asimame mahali ambapo mteja aliyedanganywa atamkuta.

Mwalimu anaweza kulijaribu jambo hili darasani. Wanafunzi nusu watunge tangazo la gunia moja la mahindi ya Ufipa, wasimame na kulinadi. Nusu nyingine wawe wanunuzi, nao wapewe ruhusa ya kuzomea.